Mdomo wa Wagonjwa

Vijana wa biro ya safari, ofisi yangu ya zamani kwenye kikosi cha ndege, wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukigawa saa za ndege, kwa kuwa nimestaafu na wanaogopa nitaondoka na mambo yangu kichwani. Nimekubali, lakini kwa masharti yangu. Vyeo sitaandika, maana vyote vilikuja kwa kuchelewa, na kimoja kilinikuta hospitali ninajifungua. Mshahara nao sitaugusa, nisije nikawachekesha bure. Na anayetaka hadithi za ndege zikipaa akamtafute rubani, kwani marubani hawana uchoyo wa hadithi. Kazi yangu ilikuwa ardhini.

Niliingia jeshini wakati serikali ilipowafungulia wasichana mlango. Baba yangu alikuwa mvuvi aliyehama kutoka upande wa Baraka na kuja Kalemie kufuata samaki, mikebuka na ndakala. Aliposikia nimechukuliwa kwenye kikosi cha ndege, aliuweka wavu chini akaniangalia kana kwamba nimemwambia naolewa na mamba.

"Feza," akasema, "sisi hata ku paa ya nyumba tunapandaka na woga. Weye unaenda kutafuta nini ku mawingu?"

Nikamwambia mawinguni wataenda wengine, mimi nitakaa biro. Akashusha pumzi, akaokota wavu wake. Mama yangu ndiye aliyelia, si kwa sababu ya ndege, ila kwa sababu ya suruali.

Kikosi chetu kilikuwa kidogo. Tulikuwa na ndege mbili ndogo, na mara nyingi moja ilikuwa imefunguliwa tumbo kusubiri kipuri kutoka Kinshasa. Tulikuwa na marubani wachache, mafundi, walinzi, mpishi, na biro ya mbao kando ya uwanja, ambako upepo wa ziwa uliingia bila kubisha hodi. Ndani ya biro kulikuwa na ubao mweusi kama wa shule, kopo la chaki, na redio ya kuongea na misheni na vituo vya mbali, ambayo sisi wote tuliiita foni. Na kulikuwa na Papa Mulolwa, mkuu wa biro, mtu wa Kirungu, aliyevaa sweta hata jua la Kalemie likichoma. Alisema baridi ya milima ya Marungu ndiyo iliyomlea na hawezi kumkana mlezi.

Siku yangu ya kwanza Papa Mulolwa alinipa kipande cha chaki, hakunipa kiti.

"Kiti utakipata siku utajua saa njo nini," akaniambia.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, tena nilikuwa na mdomo. Nikamjibu kuwa saa ni dakika sitini. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanishika mkono akanipeleka kwa fundi mkuu, Papa Kasongo, aliyekuwa akichuja mafuta ya ndege kwa kipande cha ngozi laini juu ya faneli. Maji hujificha ndani ya pipa la mafuta, hasa asubuhi, na ngozi ile huyazuia. Niliangalia tone la maji likikaa juu ya ngozi na kukataa kupita. Papa Kasongo akaninyooshea kidole pipa, akaninyooshea injini, halafu akanionyesha viganja vyake vilivyopasuka.

"Saa moja ya juu njo hii yote," akasema. "Ukiandika saa moja ku ubao, ujue umekula mafuta, umekula injini, umekula na mikono yangu. Usiandike ovyo."

Ndivyo nilivyofundishwa. Injini ina umri wake, na umri huo hupimwa kwa saa za kuruka. Zikifika mwisho wake lazima ifunguliwe, ipelekwe mbali, na hamjui itarudi lini. Rubani naye anahitaji saa zake, maana mkono usiporuka unasahau. Kwa hiyo makao makuu walikuwa wanatupa fungu la saa kila mwezi, na fungu lile halikuwahi kutosha. Saa ambayo haikutumika mpaka mwezi kwisha ilikufa. Haikuhamia mwezi mwingine. Makao makuu wakiona saa zimebaki walisema, "Kumbe Kalemie wameshiba," na mwezi uliofuata walipunguza.

Kulikuwa pia na ugomvi kuhusu saa inaanza wapi. Marubani walisema inaanza magurudumu yanapoacha ardhi, mafundi walisema inaanza injini inapowaka. Ugomvi huo niliukuta na nimeuacha, na ninawatakia heri nyote mtakaouendeleza.

Sasa niwaambie mlichoniomba. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, baada ya bendera, na baada ya nyimbo za Chama tawala na kucheza kule ambako wakati ule kulikuwa lazima kwa kila raia mwenye kiuno, tulikusanyika wote mbele ya ubao. Tuliita kukata mkate. Hakuna aliyebaki nje, hata mpishi na mlinzi wa lango. Papa Mulolwa aligawa saa katika mafungu: doria ya ziwa, mazoezi ya marubani, mizigo na wakubwa, na wagonjwa. Kila fungu lilikuwa na mdomo wake, yaani mtu mmoja wa kulisemea. Ukitaka saa za fungu ambalo si lako, ulikwenda kusimama mbele ya mdomo wake, mbele ya watu wote, ukaomba kwa sauti. Mdomo akisema ndiyo, chaki inahamisha. Akisema hapana, unarudi kukaa. Hakuna kuitana pembeni, hakuna kunong'onezana nyuma ya pipa. Hata komanda alisimama. Sheria hii haikuwa imeandikwa kokote na makao makuu hawakuijua. Ilikuwa ya kwetu.

Nilimuuliza Papa Mulolwa kwa nini wagonjwa wanahitaji mdomo wakati kila mtu anasema anawahurumia.

"Doria iko na luteni wake," akanijibu. "Mizigo iko na wanawake wa wakubwa, wanataka maharagi na viazi vya Kirungu. Wale wote wako hapa, wana midomo. Mugonjwa haendake ku mukutano, Feza. Akikosa muntu wa kumusemea, saa zake zinakuliwa angali muzima."

Mdomo wa wagonjwa wakati huo alikuwa muuguzi wa kikosi. Alipohamishwa, watu waliangaliana. Kazi ile haikuwa na marafiki. Papa Mulolwa akasema, "Feza," na mimi nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Mume wangu aliposikia alisema walinichagua kwa kuwa nyumbani nimeshazoea kusema hapana. Sikubishana naye, maana alikuwa na ushahidi.

Miaka iliyofuata nilisema hapana nyingi, na ndiyo nyingi pia. Nilikuwa ninakubali saa za wagonjwa zibebe dawa, zimbebe daktari, mara moja hata chokaa ya kusafishia kisima kilichokuwa kinaua watu. Namkumbuka mkatekista mmoja wa Kirungu ambaye ngiri yake ilijifunga. Walimteremsha kwenye kipoyi, machela ya miti, mpaka uwanja wa Moba, vijana wakipokezana mabega kwenye zile njia za milima. Rubani wetu, Luteni Kabwe, alitaka kwenda jioni ileile. Nikamzuia. Mchana ukishakwisha, upepo wa Marungu unateremka kwa hasira na unaisukuma ndege ndogo pembeni ya uwanja. Nilikaa kwenye foni nikawaambia wamlaze, wasimpe chakula, wamwombee. Kabwe akaondoka alfajiri na mkatekista akafika kwa daktari akiwa hai, analaani kila mtu kwa Kitabwa. Baadaye alituletea mbuzi. Papa Mulolwa aliuliza mbuzi yule anaingia fungu gani, na mafundi wakasema fungu la mazoezi, mazoezi ya meno.

Papa Mulolwa alipostaafu alirudi kwao milimani na sweta lake. Hakunihutubia. Alinipa kiti chake na kuniambia mguu mmoja una kasoro. Muda si mrefu tukapata komanda mpya, Komanda Ngoie.

Najua mnangoja nimseme vibaya. Sitafanya hivyo. Ngoie alikuwa mtu nadhifu, mkali kwa usafi, na alikuwa wa kwanza kuwajengea mafundi banda la kujikinga na mvua. Alikata mkate pamoja nasi na alisimama alipoomba. Ila alikuwa na hofu ya wakubwa, hofu kubwa, na asiyewahi kuwa nayo enzi zile na amrushie jiwe.

Mwezi mmoja wa kiangazi tulipewa fungu dogo kuliko kawaida. Ndege moja ilikuwa imefunguliwa, marubani wengine walikuwa wametumwa mjini Kamina, na mafuta yalikuja kidogo. Tulikata mkate ule mwembamba, na kila mmoja akaondoka na kipande chake akinung'unika. Wiki ya mwisho ya mwezi, Jumatatu, Komanda akatukusanya tena. Kuna mgeni mkubwa anafika kutoka Lubumbashi, akasema, mtu wa Chama, na Ijumaa anapaswa kuwa Manono kwenye sherehe. Ndege impeleke na kumrudisha.

Akaanza kusimama mbele ya midomo. Doria ikatoa kilichobaki. Mizigo ikatoa. Luteni Kabwe, mdomo wa mazoezi, akatoa huku ameuma meno, kwa kuwa alikuwa hajafanya zoezi hata moja la kutua kwa upepo wa pembeni. Zote zikijumlishwa hazikutosha kwenda Manono na kurudi. Palibaki fungu moja ubaoni. Komanda akaja akasimama mbele yangu.

"Mama Feza, naomba saa za wagonjwa."

"Hapana, Komanda."

Akatabasamu, maana alidhani sijaelewa.

"Mwezi unaisha wiki hii. Kuna mugonjwa gani?"

"Hakuna."

"Kirungu?"

"Hakuna."

"Manono? Piana-Mwanga?"

"Hakuna, Komanda. Wote wanaamka muzuri."

"Sasa unamunyima mukubwa saa juu ya nani?"

Nikasema, "Juu ya wagonjwa."

Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa la kijinga. Komanda hakucheka. Akasema mbele ya wote kwamba hataivunja desturi aliyotukuta nayo, ila na mimi nisiifanye kamba ya kumnyongea. Akanipa mpaka Ijumaa asubuhi. Mgonjwa akitokea, saa ni zake na mgeni atatafuta gari. Asipotokea, nizitoe kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikikataa, nitalala kasho, yaani mahabusu ya kikosi, na biro ile sitaiona tena. Alikuwa na haki ya kusema vile. Saa zile zikikaa mpaka mwezi kwisha zingekufa, na makao makuu wangetupunguzia. Alinieleza hivyo polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nyumbani mume wangu aliniuliza kama nimerogwa. Tulikuwa na watoto wa shule, minerval, yaani karo yao, ilikuwa inangoja, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya jeshi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa hanipendi sana, akasema, "Akiba haiozi." Mume wangu akamjibu kuwa hii inaoza wiki hii. Hata mimi nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa kuwa niliogopa. Ninawaandikia hili kusudi msije mkadhani ujasiri ni kutoogopa.

Wiki ile nilikaa kwenye foni kuliko wiki yoyote. Kila asubuhi niliita vituo, na kila asubuhi watu walikuwa wazima kwa kiasi cha kuudhi. Kirungu walisema kuna baridi. Manono walisema kuna vumbi. Jumatano Piana-Mwanga, kule kwenye bwawa la umeme, wakasema fundi mmoja ameanguka kutoka juu ya ngazi. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Naam, furaha. Nilikuwa mdomo wa wagonjwa, na nilifurahi mtu ameanguka. Yule fundi alikuwa ameteguka kifundo tu, na jioni alikuwa anakula bukari, ugali wetu, kama kawaida. Nilizima foni, nikamkasirikia Komanda kuliko wakati wowote, kwa sababu ndiye aliyenifikisha mahali pa kumtamania mtu mfupa uvunjike.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ngumu. Foni haina siri, kila kituo kinasikia cha mwenzake, na habari yangu ilikuwa imeshapanda mpaka milimani. Muuguzi wa zahanati moja karibu na Kirungu, Papa Kapepula, mtu mpole niliyefanya naye kazi miaka mingi bila kumwona uso, aliniita.

"Mama Feza, nasikia unatafuta mugonjwa."

"Sitafuti, Papa. Ninangoja."

"Hapa niko na mama moja, mimba yake iko karibu. Ni muzima kabisa. Lakini nikisema mutoto amelala vibaya, nani atapanda mulima kuja kuangalia?"

Alikuwa ananipa nyumba yangu, kiti changu chenye mguu mbovu, na karo ya watoto, vyote kwa sentensi moja. Wala hakuwa mwovu. Alikuwa anataka saa zile zisiliwe, kama mimi.

"Mama? Unanisikia?"

"Ninakusikia, Papa Kapepula. Aksanti sana. Lakini siku utaniita na mama mwenye mutoto wake amelala vibaya kweli, Komanda ataniuliza: huyu ni wa kweli ao ni wa ile siku? Na mimi nitamujibu nini?"

Foni ikakoroma kidogo. Kisha akasema, "Bien, Mama. Mama huyu ni muzima." Nikamwambia amsalimie.

Wengine mnaosoma hapa mtasema nilikuwa mkaidi tu. Semeni. Lakini fikirini: mdomo una kazi moja, kuaminiwa. Ningedanganya kwa ajili ya wagonjwa, wangekuwa wamepata saa za mwezi ule na kupoteza za miezi yote iliyobaki. Na ningezitoa kwa kuwa hakuna mgonjwa leo, basi kila mkubwa angejifunza kuja wiki ambayo watu ni wazima. Wiki za namna hiyo ni nyingi, Mungu ni mwema.

Ijumaa tukakusanyika. Bendera ikapanda, tukaimba, tukatikisa mabega. Ndege ilikuwa imeoshwa inang'aa, na Luteni Kabwe amevaa tayari. Mgeni alikuwa anangoja hotelini kule mjini. Komanda akasimama mbele yangu na kuniomba kwa sauti, kwa adabu, kama desturi inavyotaka.

"Hapana, Komanda," nikasema.

"Mugonjwa iko?"

"Hapana."

Akageuka. "Basi weye si mudomo tena. Kuanzia sasa mudomo ni Kaporali Tambwe."

Tambwe alikuwa mlinzi wa lango, mtu mwenye watoto wengi na sauti ndogo, ambaye hata mbuzi walikuwa wanampita langoni. Komanda akaenda kusimama mbele yake, akaomba. Jasho lilimtoka Tambwe juu ya mdomo. Akasema kitu ambacho hakikusikika.

"Rudia," Komanda akasema.

"Hapana!" Tambwe akapiga kelele, kisha akaruka kidogo, kana kwamba ni mtu mwingine aliyempigia kelele sikioni.

Hakuna aliyecheka. Komanda akamtaja mpishi, na mpishi akatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Akamgeukia Luteni Kabwe akamwamuru awashe injini. Kabwe akakaza miguu, akapiga saluti nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwake, akasema, "Niko tayari, Komanda. Naruka na saa za nani?" Rubani mwingine hakuwapo, kwa hiyo kumfunga yule mmoja kusingemfikisha mtu Manono.

"Basi mudomo ni mimi!" Komanda akasema.

Akatembea mpaka ubaoni akageuka, akatuangalia. Alikuwa amekuwa mdomo, na kuna mtu alipaswa kuomba, na mwombaji alikuwa yeye. Tulimwangalia wote, mpishi na mwiko wake, Papa Kasongo na mikono yake. Sijui alikuwa anafikiri nini, na sikumuuliza kamwe, wala mimi si mtu wa kumwekea mwenzangu mawazo kichwani. Ninajua tu kuwa mwishowe alisema kwa sauti ya chini, "Ndege ibaki."

Kisha akaamuru nipelekwe kasho, kwa kuwa neno lake la Jumatatu lilikuwa limetoka mbele ya watu na alikuwa mtu wa neno lake. Aliyenipeleka ni Tambwe. Aliniomba msamaha njia nzima na akanitandikia koti lake chini.

Mgeni alikwenda Manono kwa jipu. Nasikia alifika vumbi limemgeuza rangi, abakosti yake, ile suti ya wakubwa wa enzi zile, imekuwa ya kahawia, na sherehe imebaki viti. Mimi nilikaa kasho mpaka mwezi ukaisha. Kila siku nilimuuliza Tambwe kama foni imeita, na kila siku alisema hakuna mgonjwa. Saa zikafa. Makao makuu wakatupunguzia kweli, kama Komanda alivyotabiri, na mwezi uliofuata mafundi hawakunisalimia vizuri. Biro niliiacha. Nilipelekwa stoo ya mapipa, nikawa ninachuja mafuta kwa ngozi pamoja na Papa Kasongo, mpaka Komanda Ngoie alipohamishwa na aliyemfuata akanirudisha kwenye foni. Ila niseme na hili, maana ni haki yake: katika muda wote uliobaki wa Ngoie, fungu la wagonjwa alilisemea yeye mwenyewe, na sikusikia hata siku moja kwamba alilitoa.

Mwezi uliopita mliniaga. Mlipika vizuri, na ninawashukuru kwa kitenge na kwa redio. Halafu luteni wenu kijana akasimama kuwasimulia wageni habari zangu. Akasema kuwa kulikuwa na mama mjamzito kule Kirungu, mtoto amelala vibaya, na kwamba Mama Feza alizuia ndege ya mkubwa, ndege ikaenda milimani, mama akajifungua mapacha salama, na mmoja akaitwa Feza. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa mezani kwangu akafuta machozi.

Nikainuka. Mume wangu alinivuta kitenge nikae, nikautoa mkono wake.

"Luteni, aksanti," nikasema. "Lakini hapana. Hapakuwa na mama. Hapakuwa na mapacha. Hakuna hata muntu moja aliugua ile wiki. Ndege ilikaa pale mpaka saa zikaoza."

Kijana alibaki na glasi mkononi. Akauliza, na aliuliza kwa heshima, hakuwa ananidhihaki, "Sasa Mama, ulikuwa unalinda nini?"

Nikamwambia kwamba mtu akishaugua, akilala pale kwenye machela analia, hata mwizi atamwonea huruma. Wakati huo hahitaji mdomo. Mdomo ni wa siku ambayo hakuna anayelia, ambapo mkubwa amevaa vizuri, na hesabu yake ni sahihi, na wewe huna hata jina moja la kumtajia.

Luteni akasema kwa upole kuwa ile ya mapacha ni tamu zaidi, na watu wameizoea, je, haidhuru ikibaki hivyo? Inadhuru, nikamjibu. Kesho mtu atakuja kuwaomba saa, nanyi mtatafuta mapacha, mkiwakosa mtazitoa. Mimi nilisema hapana bila mapacha, nikalala kasho bila mapacha, na mwezi ule ukirudi leo nitasema hapana tena kabla bendera haijafika juu. Wiki ile hakuna aliyeugua, na saa zilikuwa za wagonjwa.